Kitambaa cha Maman Yolande na Digrii Mia Moja Ishirini na Saba

Huko Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, ukiuliza nyumba ya Aganze, watu watakuuliza kwanza kompyuta yako inaumwa nini. Ndivyo alivyojulikana tangu alipomaliza masomo yake ya informatique, elimu ya kompyuta, miaka minne iliyopita: Ingénieur Aganze, kijana mwembamba mwenye mkoba mweusi mgongoni. Ndani ya mkoba mlikuwa na bisibisi nane, brashi ya kupakia rangi aliyoikata nywele zikabaki fupi, mrija wa pâte thermique, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya moyo wa kompyuta na feni yake, na clé USB iliyojaa programu. Hakuwa na duka. Alitembea kwa miguu kutoka shule hadi zahanati, kutoka zahanati hadi ofisi, na kila alipoingia watu walisogeza viti kumpisha.

Alikuwa na desturi moja njema. Kabla ya kugusa mashine, alimsikiliza mwenye mashine. Hakuifuata kila siku, na siku moja ambayo hakuifuata ndiyo tunayoisimulia hapa.

Katika parokia yao, karani alikuwa Maman Yolande, mjane wa miaka hamsini na mitano. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye meza ile ile karibu na dirisha, na kila aliyetaka kufunga ndoa alipita mbele yake kuomba karatasi yake ya ubatizo. Kompyuta ilipofika, zawadi ya Wakristo wa ng'ambo, mashine iliyoungwa kwa vipande vya huku na huku, Maman Yolande alijifunza kuandika kwa vidole viwili. Kwa vidole hivyo viwili alinakili vitabu vya ubatizo kimoja baada ya kingine, hata vile ambavyo wino wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai.

Na alikuwa ameifumia kifuniko. Katika nyumba za Bagira, kitu kinachoheshimiwa hakiachwi wazi. Viti vya sebuleni vina vitambaa vyake vya kufuma, redio ina chake, televisheni ina chake, na jagi la maji nalo lina chake kidogo chenye shanga pembeni. Kifuniko cha kompyuta ya parokia kilikuwa cheupe, na kwenye pembe moja kilikuwa na ua dogo la uzi wa buluu.

Basi katika Juma Takatifu Padri Pascal alimwita Aganze aisafishe mashine ile, maana vumbi la kiangazi kilichopita lilikuwa limejaa ndani. Aganze aliifungua, akatoa feni, akapangusa, akapaka dawa mpya, akaifunga. Baada ya Pasaka kompyuta ikaanza ugonjwa ambao haikuwa nao. Ilifanya kazi robo saa, nusu saa, kisha ikazimika yenyewe katikati ya jina la mtu.

Jumamosi moja asubuhi Padri Pascal akamwita tena. Bahati mbaya, au tuseme bahati mbaya ya Maman Yolande, saa ile halmashauri ya parokia ilikuwa inakusanyika katika ofisi ile ile. Watu saba walikuwa wamekwisha kukaa, na mwenyekiti wao, Muzee Nathanaël, alikuwa anafungua daftari lake.

Aganze alipenda kutazamwa akifanya kazi. Hilo tuliseme wazi. Aliingiza clé USB, akaweka programu inayosoma afya ya kompyuta: joto la kila sehemu, kasi ya feni, nguvu ya umeme. Programu ilitoa kwanza onyo dogo kwamba haiitambui carte mère, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba vipande vyote. Aganze alilifunga onyo lile bila kulisoma mpaka mwisho. Kisha orodha ikajitokeza, na katikati yake mstari mmoja ukawaka mwekundu: 127.

"Njo hii!" akasema, yaani ndiyo hii, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. "Muone! Cent vingt-sept digrii!"

Padri Pascal akavua miwani. "Cent vingt-sept? Lakini maji inachemukaka ku cent."

"Njo vile, Padri. Humu ndani kuko moto kupita sufuria ya maharagi."

"Mungu wangu," akasema Muzee Nathanaël, akirudisha kiti chake nyuma. "Itatuunguza pamoja na Sakramenti!"

Watu wakacheka kwa woga. Maman Yolande, aliyekuwa amesimama kando, akaweka kiganja chake juu ya sanduku la kompyuta.

"Ingénieur, mbona haiko moto vile? Iko tu vuguvugu."

"Moto iko ndani, maman. Mukono haiwezi kuijua." Macho ya Aganze yakaangukia kitambaa cheupe, kilichokunjwa vizuri juu ya kiti. "Na hiki ni cha nini?"

"Ni kifuniko yake. Ninakitoaka mbele ya kuwasha, ninakirudishaka kisha kuzima. Kila siku."

"Aaa!" akasema Aganze, akawageukia watu. "Sasa tunajua. Kitambaa kinazibaka matundu, hewa haipite, moto inabaki ndani."

"Nimesema ninakitoaka."

"Siku ingine unasahau, maman."

"Sijasahau hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ya polepole, ya mtu aliyezoea kusoma majina bila kukosea. "Na mbele haikuzimikaka. Ilianza kisha Pasaka, kisha weye kuja ku..."

"Maman, tafazali," akamkata Aganze. "Batu banasahau. Mashini haidanganyake."

Akakichukua kitambaa kile, akapangusa nacho vumbi lililokuwa nyuma ya sanduku, akakiinua juu ili kila mtu auone weusi wake, kisha akakisukumiza ndani ya mkoba wake. "Ninaenda nacho, kisirudi tena hapa."

Maman Yolande alitazama mkoba ule, kisha akatazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

Padri Pascal hakuwa mtu mkali, lakini aliogopa kupoteza majina ya watu elfu kadhaa. Akaamua palepale kompyuta isiwashwe tena, Aganze awatafutie nyingine, na Maman Yolande aende sakristia kupiga pasi nguo za altare. Kazi ya ukarani itapewa Aurore, binti aliyemaliza masomo ya biashara. "Dimanche ya kesho hapana," akasema, akihesabu kwa vidole, "dimanche ingine. Nitatangaza kisha misa."

Maman Yolande akaitika: "Aksanti, Padri." Akachukua kalamu yake ya mezani, moja tu, akatoka.

Siku tano zilipita, na Aganze alitembea Bagira akisimulia habari ya digrii zake. Siku ya Alhamisi akapanda gari kwenda Kadutu, ambako Priscille, mwenzake wa darasa, alikuwa na kibanda cha kupiga fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi. Priscille alikuwa amepata kompyuta ya mitumba na alitaka Aganze amwekee programu ile ile ya kupima joto. Umeme ulikuwa umekatika kwao siku mbili nzima, ukarudi asubuhi ile. Mvua ilikuwa inanyesha, na bati la kibanda lilikuwa linapiga kelele hata ikabidi waongee kwa kupaza sauti.

Aganze akawasha, akaweka programu. Kabla hata hajavuta kiti, mstari mwekundu ukawaka: 127.

Priscille akainama kutazama. "Cent vingt-sept? Sasa hivi tu?"

"Iko na ugonjwa wa moto," akasema Aganze, lakini sauti ilikuwa imeanza kukosa nguvu.

"Aganze, hii mashini ililala siku mbili bila courant. Na baridi hii! Kama iko cent vingt-sept, leta birika tuweke chai juu yake, tukunywe."

"Ngoja niifungue."

Akaifungua. Akaweka kidole kwenye vyuma vya ndani, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaizima, akaiwasha tena. 127. Akasubiri dakika kumi huku feni ikizunguka. Mistari mingine ilipanda na kushuka kidogo kidogo kama kitu kinachopumua, lakini ule mwekundu haukusogea hata nukta.

"Joto gani hiyo haipande, haishuke?" akauliza Priscille. "Ulisoma maelezo ya programu?"

"Niliisoma."

"Aganze."

"Sikuisoma."

Wakaisoma pamoja kwenye simu ya Priscille, vichwa vimegusana. Maelezo yalikuwa mafupi na ya wazi, na hilo ndilo lililouma. Programu ile ilikuwa na orodha ya carte mère inazozijua. Ikikuta nyingine, haijui vipimo vimeunganishwa wapi. Hapo inasoma kila tundu, hata lile ambalo mtengenezaji hakuliunga na kitu chochote, na tundu tupu huweza kuonyesha namba moja isiyobadilika. Namba ya namna hiyo ipuuzwe, yalisema maelezo, na mtumiaji atazame mstari wa processeur, ule moyo wa kompyuta.

Priscille alicheka mpaka akashika meza. "Docteur wa mashini! Ulipima homa ya mutu mwenye hayuko!" Kisha akaona uso wa mwenzake, akanyamaza. "Nini? Ulishaambia batu?"

Aganze akamwambia yote. Priscille hakucheka tena. Aliuliza swali ambalo Aganze alikuwa analiogopa tangu mwanzo.

"Lakini ile ya parokia ilikuwa inazimika kweli. Kama si kitambaa, ni nini iliizimisha?"

Maneno ya Maman Yolande yakamrudia, yale aliyoyakata katikati: ilianza kisha Pasaka, kisha weye kuja. Akaiona mikono yake mwenyewe katika Juma Takatifu. Feni ya processeur inashikwa na miguu minne ya plastiki, na kila mguu ukiingia mahali pake husema tak. Siku ile alikuwa na haraka, gari la kwenda Kadutu lilikuwa linapiga honi barabarani. Tak, tak, tak. Alikumbuka tatu. Alijaribu sana kukumbuka ya nne, hata akafumba macho, na ya nne haikuja.

Alirudi Bagira akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma kabisa cha gari, ameukumbatia mkoba. Njiani wazo moja likamjia, laini, la kumbembeleza. Aende kesho parokiani wakati Padri yuko kwenye ziara. Aombe ufunguo, afungue sanduku, abonyeze mguu wa nne, afunge. Kisha aseme: nimeiponyesha. Nani angejua? Watu wangemsifu tena. Aurore angekaa kwenye kiti cha karani, na Maman Yolande angebaki sakristia na pasi yake. Alipofika nyumbani wazo lile lilikuwa bado liko naye, na aliona haya kwa kuwa halikumchukiza vya kutosha.

Mama yake, Maman Bintu, alikuwa uani anakusanya nguo za kufua. Alichukua shati la mwanawe kwenye mkoba kama alivyozoea, na pamoja na shati kikatoka kitambaa. Kofia ya mrija wa dawa ilikuwa imelegea, dawa ikavuja. Kitambaa cheupe kilikuwa na vumbi jeusi, na katikati yake doa la kijivu, pana kama kiganja.

Maman Bintu alikikunjua polepole. "Hiki ni cha Yolande."

Aganze alikuwa anakaza kofia ya mrija.

"Ninakijua kwa ua hii. Alikifumaka ku hôpital, pembeni ya kitanda ya bwana yake, ile miezi ya mwisho. Alituambia: mikono yangu ikikaa bule nitalia, na sitaki aone ninalia." Akamtazama mwanawe. "Nani alipangusia hapa?"

Aganze angeweza kusema lolote. Mama yake hakuwa kwenye mkutano ule.

"Miye," akasema.

Maman Bintu aliweka kitambaa juu ya mkono wa mwanawe, akainua karai lake la nguo, akaenda. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali amgombeze.

Akachota maji mwenyewe, akachuchumaa uani, akaanza kukifua kwa sabuni ya kipande. Majirani wawili waliokuwa wanapita na ndoo walisimama.

"He, Ingénieur! Kompyuta zimeisha Bukavu?"

"Mumuache, pengine anajifunza kuwa bibi arusi!"

Aliinamisha kichwa akaendelea kusugua. Vumbi likatoka. Ua la buluu likang'aa. Lakini doa la kijivu, kila alivyolisugua, lilienea tu na kuingia ndani ya nyuzi. Alikianika, akakigeuza, akakifua mara ya pili siku ya Ijumaa. Doa lilibaki.

Jumamosi akaenda parokiani mapema. Halmashauri ilikuwa inakutana tena kabla ya tangazo la Jumapili. Padri Pascal alimkuta mlangoni.

"Ingénieur! Umetupatia mashini mpya?"

"Padri, ninaomba kintu moja. Nataka kufungua ile ya zamani, lakini mbele ya batu bote benye walikuwa hapa. Na Maman Yolande pia."

"Maman iko sakristia, na kazi."

"Nitamungojea."

Maman Yolande alikuja na aproni yake, mkono mmoja ukinukia wanga wa nguo. Hakumsalimia. Alisimama palepale aliposimama siku ile, karibu na dirisha. Aganze akakohoa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu usiku wa Alhamisi, maneno mazuri ya shuleni, na yote yakamtoroka.

Akafungua sanduku. Akawasha taa ya simu, akamulika.

"Padri, karibia. Na weye, muzee. Muone miguu ya feni. Moja, mbili, tatu ziko chini. Ile ya ine?"

Muzee Nathanaël akakaza macho. "Iko imesimama. Kijiti cha kiberiti kinaweza kupita."

"Haikuingia. Feni haikugusa vizuri, moyo ya mashini inapata moto, inajizima ili isife. Ni miye nilifunga hivi mu Juma Takatifu." Akashusha simu. "Haikuwa kitambaa. Maman hakukosa. Ni mukono yangu."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai lake.

"Na cent vingt-sept?" akauliza mzee. "Tuliiona na macho yetu."

"Ile haiko kintu, muzee. Programu haijui hii carte mère. Ilisoma fasi yenye haina waya."

"Sasa ulitukimbizisha na moto yenye haiko?"

"Njo vile."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata, na kicheko kikazunguka chumba kizima. Aganze alikaa ndani yake, masikio yakiwaka moto. Maman Yolande peke yake hakucheka, wala Padri.

"Ulimwambia maman kama mashini haidanganyake," akasema Padri kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko kicheko.

Aganze akabonyeza mguu wa nne. Tak. Kila mtu aliisikia. Akawasha kompyuta. Ule mstari mwekundu ukajitokeza tena na 127 yake, bila haya. Chini yake, mahali ambapo siku ile hakushusha macho, mstari wa processeur ulisema 41. Wakangoja. Halmashauri ikafanya mkutano wake wote, saa moja na nusu, huku mashine inanguruma mezani. Haikuzimika.

Mkutano ulipokwisha, Padri Pascal akamgeukia karani wake. "Maman, kesho sitatangaza kintu juu ya Aurore. Kiti ni yako. Na miye pia niliamua mbiyo. Unisamehe."

"Aksanti, Padri."

Hapo Aganze akatoa kitambaa. Alikuwa amekifunga ndani ya gazeti safi. Maman Yolande akakikunjua mbele ya watu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama doa.

"Hii haitatoka."

"Haitatoka, maman. Nilijaribu mara mbili."

"Nilikuambia ilianza kisha Pasaka."

"Uliniambia."

"Nilidhani pengine hukusikia. Batu walikuwa bengi." Akashusha kitambaa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulisikia?"

Aganze aliangalia sakafu. Angeweza kusema hapana, na mama yule, ambaye hakuwa mgumu wa moyo, angeamini.

"Nilisikia," akasema.

Maman Yolande akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jina alilokuwa analitafuta kitabuni. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hakumsamehe. Alivua aproni, akaketi kwenye kiti chake, akafungua kitabu cha ubatizo kwenye ukurasa alioachia, akaandika kwa vidole viwili mpaka saa sita. Kisha akazima mashine, akangoja ipoe, akakitandika kitambaa juu yake. Mwanzo doa lilielekea ukutani. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama, akakigeuza. Doa likaelekea mlango.

Wiki tatu baadaye Aganze aliitwa kubadilisha kebo ya printa. Msichana mmoja mchumba alikuwa ameketi akingojea karatasi yake ya ubatizo, na macho yake yalikuwa kwenye kitambaa.

"Maman, kizuri hivi, na hii doa ni ya nini?"

Maman Yolande hakuinua macho kitabuni. "Muulize Ingénieur. Njo huyu."

Aganze akaweka bisibisi mezani. Alihisi joto likimpanda shingoni, joto la kweli, lisilohitaji programu. Kisha akavuta kiti, akaanza kumsimulia tangu Juma Takatifu, tangu lile gari lililokuwa linapiga honi na zile tak tatu. Kila alipotaka kuruka mahali, Maman Yolande alikohoa kidogo, naye akarudi, akapasema.